Mkanda Haujasafishwa

Kiswahili mimi nimezaliwa nacho. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea huko mbele kwa kusema eti hatukuelewana. Baba yangu alitoka pwani akifuata biashara ya nguo mpaka Kasulu, na nyumbani kwetu mtoto aliyekosea kusema alichekwa mpaka akalia. Nilipofungua studio ya picha Kibondo, miaka ile ya sabini, nilikuwa nawacheka Waha wa pale kwa Kiswahili chao, nao wakinicheka mimi kwa kushindwa hata kusalimia vizuri kwa Kiha. Mizaha tu. Lakini moyoni nilijiona ndiye mwenye lugha, na neno lililokuja kuniumbua lilikuwa neno langu mwenyewe, la kazi yangu mwenyewe, nililolitamka mara ishirini kwa siku.

Neno lenyewe ni kusafisha. Sisi wapiga picha hatusemi tumeitia filamu kwenye dawa, tunasema tumeisafisha. Na filamu yenyewe tunaiita mkanda. Mteja anauliza, "Zimeshasafishwa?" Unamjibu, "Bado, njoo Ijumaa." Ukisema mkanda haujasafishwa, maana yake picha zimo ndani lakini hazijatokea, mpaka mkanda upitishwe kwenye dawa gizani. Kila mtu mjini alilijua hilo. Nilidhani kila mtu alilijua.

Studioni kulikuwa na kamera kubwa ya sanduku, mali ya mjomba wangu wa Kasulu, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Yangu binafsi ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa, ya kuning'iniza shingoni. Nayo ningeishia kuipigia picha za maharusi kama wenzangu, lau si rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia huko Kasulu, mtu wa maneno mengi na vitabu vingi. Siku moja nilipolala kwake aliniamsha kabla ya adhana, akanitoa nje kwenye baridi, akanielekeza juu.

"Unaziona zile tatu zilizojipanga?"

"Nani asiyezijua?"

"Haya. Pembeni yake kuna nyingine ndogo, zimening'inia kama upanga. Ya katikati itazame vizuri. Hiyo si nyota."

Nikakodoa macho. Kweli, haikuwa na ncha kama nyota. Ilikuwa kama mtu amehemea kioo. Mwalimu akasema ni wingu, si la mvua, bali wingu la hewa na vumbi linalong'aa lenyewe, liko mbali kiasi kwamba mwanga tunaouona ulianza safari kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Akaniambia kuwa jicho linaona kidogo kwa sababu halijui kungoja, lakini kamera inajua. Ukiiacha imefunguka dakika kadhaa, inakusanya mwanga tone kwa tone, na lile wingu linatokea lote, na mabawa yake.

Basi! Nikaingiwa na wazimu. Sina neno jingine. Tatizo ni kwamba mbingu inazunguka, na ukiiacha kamera wazi nyota zinachora mistari. Mkanda wangu wa kwanza ulitoka umejaa vijistari, kama mchele uliomwagika. Mwalimu akanitolea mchoro kitabuni: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na boliti chini ya kuusukuma ubao wa juu. Kamera inakaa juu, wewe unashika saa, na kila sekunde kumi na tano unaizungusha boliti robo. Kitabu kilisema bawaba ielekezwe kwenye nyota ya kaskazini. Nyota gani? Huku kwetu haionekani, imezama. Ikabidi bawaba ilale karibu sawasawa na ardhi, nami naipima kwa dira ya kuazima. Mke wangu alinikuta uani nimechuchumaa, nahesabu kwa sauti.

"Wenzako wanalinda mahindi yasiliwe na nguruwe," akasema. "Wewe unalinda nini?"

Mwalimu akanipa pia mkanda mmoja wa kasi, ule unaokamata mwanga upesi, wa picha thelathini na sita, alioachiwa na mgeni aliyeondoka. Mkanda wa namna ile hukuupata Kasulu wala Kigoma kwa bei yoyote. "Usiuchezee," akaniambia. Ilikuwa mwezi wa nane. Nikautia kwenye kamera, nikangoja usiku usio na mwezi.

Sasa nimtaje mwanamke aliyekuwa akitufulia nguo. Alivuka kutoka Burundi mwaka mmoja kabla, wakati watu walipokuwa wakiingia kwa makundi na hawana hata sufuria. Mume wake na watoto wawili wakubwa walibaki huko, wameuawa. Alivuka na binti mmoja tu, mdogo, kama wa miaka sita. Sisi tulimwita kwa jina la huyo binti, Mama Fulani, kama ilivyo ada, na jina lenyewe silitaji hapa. Kufua alijua, wallahi. Shuka ikitoka mikononi mwake hukuitambua. Madoa ya dawa zangu za picha, yaliyomshinda kila mtu, aliyatoa kwa jivu na maji ya moto, polepole, huku akiyasemesha kwa Kirundi.

Siku moja aliniona nazipanga picha za wateja mezani. Akasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Bwana, sura zinanitoroka," akasema. "Mume wangu namkumbuka mikono. Wakubwa wangu nawakumbuka sauti. Nikifumba macho nitafute sura, hakuna. Huyu aliyebaki nataka nimwone kwenye karatasi, asije akatoroka naye."

Nikamwambia alete mtoto, nitampiga picha bure. Akamleta, amempaka mafuta mpaka anang'aa. Lakini nilipojifunika kile kitambaa cheusi, mtoto akapiga yowe na kukimbilia chini ya meza, akatetemeka huko nusu saa. Sijui kitambaa kilimkumbusha nini. Mama yake alijua. Basi nikachukua ile kamera ndogo, nikatoka nayo uani kama natembea tu. Mtoto akatoka naye, akakaa juu ya karai lililofudikizwa, akaanza kunitazama kwa hila, kichwa upande, anataka kucheka na hataki. Nikafyatua. Picha moja, ya kwanza kabisa kwenye ule mkanda wa mwalimu.

"Tayari?" mama akauliza.

"Tayari. Amekaa vizuri sana. Ukishasafishwa mkanda, utamwona."

Hapo ningeweza kuingia chumba cha giza siku ileile. Nataka nieleweke vizuri. Mkanda si lazima uishe. Unaufungua gizani, unakata kile kipande kilichopigwa kwa mkasi, unakisafisha, na kilichobaki unakirudisha kwenye kamera. Unapoteza picha mbili tatu kwenye ncha, basi. Kila mpiga picha anafanya hivyo akiwa na mteja mwenye haraka. Nilikuwa na mkasi, dawa zilikuwepo, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Sikutaka kupoteza hizo picha mbili tatu, kwa sababu nilizihesabu zote kuwa za wingu.

Na wingu lenyewe halikupatikana. Mwezi wa tisa ni mwezi wa kuchoma majani, milima yote inawaka, na moshi unalala juu ya Kibondo kama blanketi chafu. Nikaamka alfajiri nyingi bure. Nikajisemea, nangoja mvua za kwanza ziisafishe mbingu. Ndivyo nilivyosema, hata kwa mke wangu: ziisafishe.

Mama Fulani alikuwa akiuliza kila alipokuja kufua. "Bwana, mtoto ametoka?" Nami namjibu, "Mkanda haujasafishwa." Wiki nyingine, "Bwana, leo?" "Mkanda haujasafishwa, mama, vuta subira." Alikuwa anaitikia "ego", ndiyo yao, na kurudi kwenye karai. Hakukasirika hata mara moja. Nilikuwa namwona msumbufu kidogo, na aibu ya kusema hivyo naibeba mwenyewe.

Mvua zikanyesha mwezi wa kumi. Na mvua zilipokuja, ikaja surua. Watoto wengi wa wakimbizi walikuwa wamekonda, hawakuwa na nguvu ya kupambana nayo. Binti yake alilala siku tano. Mama alikuja siku ya tatu kuomba ruhusa ya kutofua, nami sikumwuliza mengi, maana anga ilikuwa imetakata kati ya mvua na mvua, haina moshi hata chembe, na mwezi haukuwepo. Usiku ule na uliofuata nilikaa uani na mbao zangu. Zile nyota tatu zilikuwa juu kabisa. Nilizungusha boliti mpaka vidole vikafa ganzi, dakika tano, dakika nane, dakika kumi, picha baada ya picha. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, nakiri. Nilimaliza mkanda wote.

Asubuhi mke wangu akanipa habari kuwa mtoto amefariki usiku.

Tulikwenda kuzika. Kaburi lilikuwa fupi, udongo mwekundu umelowa. Mama Fulani hakulia kwa sauti. Nilipompa mkono wa pole akaushika kwa mikono yote miwili, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wengine walikwenda na sura zao. Huyu umeniwekea. Mungu akulipe." Nikaitika amina. Nilirudi nyumbani nikiwa na haraka ya kweli sasa, naapa, nikaingia chumba cha giza, nikakuta dawa zimekwisha. Nilizimalizia kwa picha za wateja wiki ile ile.

Siku chache baadaye akarudi kazini. Mimi nilikuwa natoka kwenda kuliwahi lori la Kasulu, kuchukua dawa kwa mjomba. Akanizuia mlangoni.

"Bwana, mtoto."

Nikauchukua mkanda rafuni, umo ndani ya kikopo chake kidogo, nikauweka kiganjani mwake ili aone kuwa sisemi uongo. "Yumo humu," nikasema. "Humu ndani, mkanda umekwisha wote. Haujasafishwa tu."

"Haujasafishwa tu," akarudia.

"Ndiyo. Hicho tu kilichobaki."

Nikaurudisha rafuni, nikakimbilia lori. Lile neno "tu" nimelisikia maisha yangu yote tangu siku hiyo.

Barabara ilikuwa tope, lori likakwama kabla ya mto, tukalala njiani. Nilirudi siku ya tatu nimebeba dawa mapajani kama mtoto mchanga, nikiogopa chupa isipasuke. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitasafisha jioni ileile, nitamtolea sura kubwa, ya kutundika. Na mawingu yangu nayo nitayaona.

Nikaingia uani. Shuka zimeanikwa, nyeupe pe. Na katikati ya shuka mbili, umebanwa kwa vibanio, unaning'inia utepe mrefu unaometa juani. Ulikuwa unapepea. Mwanzoni sikuutambua, kwa sababu sijawahi kuuona mkanda uliosuguliwa mpaka ukawa kama maji. Hakuna kitu ndani yake. Unaona shuka upande wa pili.

Mama Fulani akatoka jikoni akijifuta mikono. Uso wake ulikuwa na kitu kilichofanana na furaha.

"Nimekusafishia, bwana. Una kazi nyingi, na mimi kufua ndiyo kazi yangu. Kile kikopo kiligoma, nikakifungua kwa kisu. Yoo, ulikuwa mchafu! Una utando kama maziwa yaliyoganda. Nimetia jivu na maji ya moto, sikukwaruza, nimesugua kwa kidole tu. Sasa umetakata." Akausogelea, akauinua kwa ncha za vidole uelekee jua. "Nimetafuta, sijamwona bado. Labda macho yangu. Nionyeshe."

Na mimi nikafanya nini? Nikapiga ukelele. Majirani walichungulia.

"Wingu langu! Umeliua wingu langu! Miezi mitatu! Mjinga wee, nani alikwambia ushike? Wingu langu lote!"

Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama juu. Ulikuwa mwezi wa mvua, mawingu yamejaa mbinguni kutoka Kakonko mpaka Kasulu, meusi, mazito.

"Mawingu si yale pale, bwana?"

Nikazidi kufoka. Nikamweleza kwa maneno ya ovyo kwamba mkanda hausafishwi kwa maji, mkanda ukiona jua umekufa, kusafisha ni dawa, ni giza, ni kazi ya watu waliojifunza. Kusafisha si kufua! Mpaka hapo sikuwa nimemtaja mtoto. Nilisema wingu mara sijui ngapi, na mtoto sikumtaja. Aliyemtaja ni yeye.

"Na yeye alikuwa humo humo? Na wingu?"

Hasira ikanitoka yote kwa mkupuo.

"Bwana. Alikuwa humo?"

"Ndiyo."

Alitazama ule utepe kuanzia juu mpaka chini, pole pole, halafu akaitazama mikono yake.

"Basi nimemfua," akasema. "Nimemfua mwanangu, ametoka na maji."

Mke wangu alitoka ndani akamkumbatia. Mimi nilisimama pale na chupa zangu. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa machache: si wewe, ni mimi, ningeukata mkanda mwezi wa nane na ungekuwa na sura ya mwanao mpaka leo. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Basi mama, usilie, hukujua." Nikamsamehe. Lahaula! Mimi nikamsamehe yeye, naye akanishukuru.

Aliendelea kufua kwetu mwaka mzima. Aliacha kuyasemesha madoa. Alikuwa hagusi kitu changu chochote, hata kalamu ikianguka sakafuni anaizunguka. Mke wangu aliniambia kwamba siku moja alimkuta ameketi kando ya karai anayatazama maji machafu, anataka kuyamwaga na hawezi. Niliposikia hivyo sikula chakula cha mchana. Lakini sikusema.

Mwaka uliofuata mwalimu akapata mkanda mwingine. Na mimi, pamoja na yote yale, nikautaka. Wazimu ule haukuwa umepona. Nikangoja mvua za kwanza, nikatoka na mbao zangu. Safari hii sikutaka kubahatisha, nilitaka kujua mapema kama dakika nane zinatosha au zimezidi. Kwa hiyo nilipiga picha chache, nikaingia chumba cha giza, nikakata kipande, nikakisafisha. Lilikuwemo! Dogo kama ukucha, lina mabawa yake mawili na kiini cheupe, kama alivyosema mwalimu. Nikalichapa kwenye karatasi, nikaliweka mezani likauke, na mkasi na vipande vya mkanda kando yake. Nilikuwa napiga mluzi.

Mama Fulani alikuja kuchukua taulo chafu. Akaiona picha, akasimama.

"Ndilo lile wingu?"

"Ndilo."

"Lenyewe limerudi," akasema. Halafu akaviona vile vipande. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aligusa kitu changu. Akachukua kipande kwa kila mkono, akaviunganisha ncha kwa ncha, kama anavyolinganisha nguo iliyochanika aone kama inashoneka.

"Mkanda unakatwa?"

"Unakatwa," nikasema. Nilikuwa naitazama picha yangu, sikufikiri. "Kipande kimoja kinasafishwa, kingine kinarudi kwenye kamera."

"Kwa mkasi huu?"

"Kwa mkasi huo."

Akavigeuza vile vipande vidoleni.

"Yeye alikuwa wapi, bwana? Mwanzo wa mkanda au mwisho?"

Ndipo nilipoinua macho. Ningeweza kudanganya hata hapo, na nilifikiria kudanganya.

"Mwanzo," nikasema. "Wa kwanza kabisa."

Akaviweka vile vipande mezani, kimoja kimoja, pale pale vilipokuwa. Akaninyooshea mikono yake, viganja juu, imekunjamana kwa maji ya asubuhi.

"Mwaka mzima naichukia hii," akasema.

Akachukua taulo akatoka. Karai la nguo lilikuwa bado nusu. Nilimsikia akimaliza kufua, akisuuza, akikamua, akianika kimoja baada ya kingine, hakuruka hata kitambaa cha mikono. Akamuaga mke wangu. Mimi hakuniaga, na hakurudi tena.